Binti Mwenye Jicho la Kasoro Ashikwe Mkono

Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii tumeikariri madarasani hata ikachujuka, lakini ni wachache kati yetu sisi walimu wanaojiuliza swali linaloitangulia: ni nani atakayeuona huo ufa? Leo nawazungumzia wanawake ambao kazi yao ni kuutafuta ufa katika programu za tarakilishi kabla ukuta haujamwangukia mwananchi, na njia inayowafikisha katika kazi hiyo.

Nianze kwa kuungama. Miaka mingi iliyopita nilimfundisha msichana mmoja ambaye hakuacha jambo lipite. Kila niliporudisha karatasi za mtihani, alijumlisha alama upya. Siku moja alisimama akasema, "Mwalimu, hapa zimepungua mbili." Nilikuwa nimechoka, nami nikamwambia mbele ya wenzake kwamba mtoto wa kike mwenye kutafuta makosa ya watu hatapata wa kuishi naye. Darasa likaangua kicheko. Tangu siku hiyo mkono wake haukuinuka tena katika kipindi changu, nami, Mola anisamehe, nilidhani nimemfunza adabu.

Mwaka jana nilikutana naye jijini Nairobi. Ni mpimaji wa programu. Hulipwa mshahara kwa kufanya lile nililomkanya. Nilipomwuliza kazi yenyewe ni ya namna gani, alinipa mfano wa programu ya kutuma pesa kwa simu. Tuseme imewekewa kikomo cha chini cha shilingi 10 na cha juu cha shilingi 5,000. Mtu mwingine atatuma 200, aone zimefika, aondoke ameridhika. Yeye hujaribu 9, 10 na 11, kisha 4,999, 5,000 na 5,001, kwa kuwa kasoro hupenda kujificha mipakani. Halafu hutia sifuri, hutia herufi mahali pa tarakimu, hubonyeza mara mbili kwa pupa kama mama aliye na haraka sokoni, na hukata mtandao pesa zingali safarini. Kila kasoro aionayo huiandika: alifanya nini hatua kwa hatua, alitarajia nini, akaona nini. Asiyeweza kuandika sentensi iliyo wazi, alisema, haiwezi kazi hii.

Yamkini yupo atakayeona kwamba huo ni utundu tu. La hasha! Tangu M-Pesa ilipozinduliwa nchini mwaka 2007, karo, nauli na hata matanga yetu yamehamia katika simu, na kasoro ndogo humnyima mtu chakula cha jioni. Hata waliokwenda mwezini walifunzwa jambo hili. Margaret Hamilton, aliyeongoza uandishi wa programu za vyombo vya Apollo vya Marekani, alikuwa akienda kazini na bintiye mdogo. Siku moja mtoto huyo, akicheza na vitufe vya mtambo wa majaribio, aliita programu ya kabla ya kuruka ilhali chombo kilihesabiwa kuwa safarini. Mtambo ukakwama. Mama akaomba kuweka kinga dhidi ya kosa hilo, akajibiwa kwamba wanaanga wamefunzwa vyema, hawawezi kukosea hivyo. Desemba 1968, katika safari ya Apollo 8, mwanaanga Jim Lovell alifanya kosa lile lile, na takwimu za kuongozea chombo zikafutika. Ilibidi zitiwe upya. Aliyeonya alikuwa na jicho. Waliokosekana ni wenye masikio.

Sasa, binti yule aliyenyamazishwa nami alifikaje alipo? Hapa ndipo penye somo. Alisomea upimaji, akafanya mtihani wa msingi wa ISTQB, bodi ya kimataifa ya kazi hiyo iliyoanzishwa mwaka 2002. Maswali ni 40, na atakaye kufaulu sharti apate 26. Mtihani huo haumdai mtu shahada ya chuo kikuu. Alifaulu, kisha akakaa nyumbani karibu miaka miwili na cheti chake. Kila mlango aliobisha aliulizwa, "Umewahi kufanya kazi wapi?" Kilichomwokoa hakikuwa cheti cha pili. Alikuwa mwanamke aliyemtangulia katika kazi hiyo, aliyekubali kukutana naye kila Jumamosi. Alimpa programu halisi azipime, akamsahihishia ripoti zake, akamfundisha kumwambia mhandisi "kasoro iko hapa" pasi na kutetemeka wala kutukana. Kisha akamtaja kwa jina palipotokea nafasi. Muda si muda akaajiriwa.

Kwa hivyo nashikilia kwamba mafunzo bila mlezi ni daraja lililoishia katikati ya mto. Baadhi ya wenzetu wamelitambua hili kitambo. Mwaka 2010, wanawake wa fani hii, miongoni mwao Judith Owigar, Linda Kamau, Marie Githinji na Angela Oduor Lungati, waliasisi AkiraChix jijini Nairobi ili kuwafunza wasichana wa familia zisizojiweza maarifa ya tarakilishi, na pamoja na mafunzo wakawapa watu wa kuwaongoza. Huo ndio mfano wa kuigwa.

Wapo watakaouliza: mbona wavulana hawatafutiwi walezi? Jibu ni kwamba wengi wao huwapata bila kuomba, katika mabaraza ya kandanda na meza za nyama choma, ambako msichana hakaribishwi, na akikaribishwa hutazamwa vibaya. Wengine watasema kuwa akili unde itaimaliza kazi hii. Mimi naona kwamba programu zinazoandikwa kwa kasi na mashine zitahitaji macho makali zaidi, wala si kidogo. Hata hivyo, natoa tahadhari moja. Upimaji usigeuzwe jiko la uani, wanawake wakafungiwa humo huku wanaume wakijenga nyumba. Apendaye kupima na apime. Apendaye kuunda programu naye afunguliwe mlango huo huo.

Tufanyeje basi? Makampuni yanayoajiri yawape wapimaji wao wakongwe saa chache kwa juma za kuwalea wanagenzi, na saa hizo zihesabiwe kuwa kazi. Walimu wakuu wanapoandaa siku ya ushauri wa kazi, wasiwaite daktari na wakili peke yao. Wamwalike na mpimaji. Nanyi wanafunzi, msingojee tarakilishi ambayo shule yenu haina. Chukueni ratiba ya mitihani ya muhula huu mwitafute kasoro: je, kuna mwanafunzi aliyepangiwa karatasi mbili saa moja? Kuna chumba kilichopewa madarasa mawili? Andikeni mlichokiona kwa adabu na ukamilifu, mmpelekee mwalimu. Hiyo ndiyo kazi yenyewe, imepungukiwa mshahara tu.

Kabla hatujaagana nilimwomba binti yule msamaha. Alitabasamu, akasema, "Mwalimu, kicheko chao nilikisahau. Kilichoniuma ni kwamba zile alama mbili hukuziongeza."

Sikuwa na la kujibu. Karatasi ile imekwisha kuoza, na alama zile sitaweza kuzirudisha. Lakini kesho, walimu wenzangu, mkono mmoja utainuka nyuma ya darasa kutuonyesha tulipokosea. Tusiushushe.