Mama Mzima Kucheza Rede, Kosa Liko Wapi?

Kuna klipu inazunguka WhatsApp tangu wiki iliyopita, wengi mmeshaiona. Dada wa miaka thelathini hivi, mama wa watoto wawili, yuko Busale kule Kyela, kanga kiunoni, anakwepa mpira wa soksi. Anacheza rede na watoto wa jirani. Basi. Hajamtukana mtu, hajaiba mume wa mtu. Lakini ukisoma maneno yanayoisindikiza utadhani kachoma nyumba.

"Kachanganyikiwa huyo." "Mume wake anajua?" "Anatafuta kiki."

Ilivyokuwa ni hivi. Jioni, kakao imeshaanuliwa, mvua imekatika, watoto wa kike wanacheza uwanjani. Wamepungua mmoja. Wakamwita kwa utani, naye akaingia kweli. Wawili wakawa wanarusha mpira huku na huku, yeye katikati anakwepa huku anajaza mchanga kwenye chupa. Alikuwa hajaigusa rede tangu amalize darasa la saba, na watu walioshuhudia wanasema kwa dakika kadhaa hakuna aliyeweza kumpiga. Alikuwa anacheka mpaka anashindwa kuinama.

Mume yuko Dar. Kaiona klipu kwenye kundi la ukoo, kapiga simu usiku huo huo. Dada kaambiwa aombe radhi palepale kwenye kundi, mbele ya mama mkwe, mashemeji na mawifi. Na kaomba.

Radhi ya nini sasa?

Aliyeisambaza sana klipu hiyo ni kaka mmoja ambaye pale kila mtu anamjua: asubuhi mpaka jua linazama yuko kijiweni kwenye drafti. Hiyo drafti kaanza kuicheza kwa vizibo vya soda akiwa mtoto wa shule ya msingi. Leo ana ndevu, bado anasukuma vizibo, na hakuna aliyemwambia aache utoto. Wenzake wenye vitambi wana timu ya maveterani, Jumapili wanakimbiza mpira na bukta zimewabana, wake zao ndio wanafua jezi. Huko mjini vijana wa miaka 28 wanalala saa nane za usiku kwa mpira wa PlayStation. Tulia Marathon ikifika Mbeya, watu wazima wanakimbia, wanapiga picha, wanapongezwa. Kukimbia si mchezo wa mtoto? Au ukivaa fulana yenye namba ndio inakuwa afya?

Semeni ukweli. Mpira wa mvulana unakua naye, unapata jezi, refa na mashabiki. Rede ya msichana inafia pale anapoanza kuota matiti. Anaambiwa wewe sasa mkubwa, kapike. Na anapika kweli, miaka kumi na tano, hana mchezo wowote. Akichoka mnamwambia aende gym. Gym ya nani, Busale? Rede inataka soksi kuukuu, matambara ya kujazia na chupa ya mchanga. Mchanga Kyela haununuliwi.

Oh, kanga ilifunguka. Ndiyo, ilifunguka, na ndani alikuwa na suruali mpaka kwenye vifundo vya miguu. Mavazi ya wanaolalamika kwenye stetasi zao tunayajua, tusifike huko.

Na wale mawifi waliomcheka kundini, wawili kati yao walikuwa wanacheza naye uwanja huo huo utotoni. Mmoja alikuwa anasifika kwa kurusha.

Halafu klipu yenyewe imekatwa. Inaishia pale kanga inapodondoka. Kilichofuata hakimo: dada aliifunga upya, akarudi katikati, akaijaza ile chupa mpaka mdomoni, na watoto wakamrukia shingoni kwa kelele. Aliyerekodi anayo yote kwenye simu yake. Aiachie nzima basi, mume naye aione.