Redio Yako Inataka Umeme Gani?

Redio yetu ya jikoni iliungua kwa kosa letu wenyewe. Betri zilikuwa zimekwisha, tukachukua adapta ya kifaa kingine kwa kuwa ncha yake iliingia vizuri. Redio ilitaka volti 6, adapta ikatoa 12. Moshi ukafuka, na fedha ya kununua nyingine tukaimega kwenye ile ya sare za watoto.

Kumbe ncha kuingia si dalili kwamba adapta inafaa! Geuza redio, usome karibu na tundu: ni volti ngapi, na alama ya kujumlisha iko katikati au pembeni. Adapta iwe ya DC, volti zile zile, na alama zilingane. Namba iliyo kwenye mA inaweza kuzidi ya redio, ila isipungue. Maandishi yakiwa yamefutika, hesabu betri: kila betri kubwa ya tochi ni volti 1.5, hivyo nne zilizofuatana ni 6. Betri ya gari ni volti 12. Usiiunge na redio ya volti 6, hata jirani akikuambia haina neno.

Halafu kuna wanaouma betri zilizochoka ili zipate nguvu. Zahanati tumemwosha mdomo mtoto aliyemwiga babu yake. Yale majimaji huunguza ngozi na macho pia. Betri zikiisha, zitoe redioni siku ile ile, uziweke watoto wasikofikia.