Kifaa kidogo kinachopakia data kwenye mwanga

Video unayotazama kwa simu sasa hivi huenda imevuka Bahari Hindi ikiwa mwanga. Kebo za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa mwaka 2009, na tangu hapo stori yetu imekuwa bei ya bando. Lakini umewahi kujiuliza ni nini hugeuza umeme wa kompyuta kuwa mwanga wenye ujumbe?

Ni modyuleta. Ndani yake mara nyingi huwa na fuwele ya lithiamu niobeti. Ukiipa volteji, mwendo wa mwanga ndani yake hubadilika, na data inaandikwa hapo.

Sasa kibarua ni hiki: ukiirefusha, volteji inayohitajika hupungua, lakini mawimbi ya kasi hufifia njiani. Ukiifupisha, unapata kasi ila inakula umeme.

Mwaka 2018, watafiti wa Harvard na Nokia Bell Labs walitumia utando mwembamba sana wa fuwele hiyo. Walituma hadi biti bilioni 210 kwa sekunde, na kwa volteji ndogo ambayo chipu ya kawaida inaweza kutoa.

Kwako hii ina maana gani? Mara nyingi kebo iliyolala baharini huongezewa uwezo kwa kubadilisha mitambo ya nchi kavu tu. Ila usidanganyike: fuwele haishushi bei ya bando. Bei hushushwa na ushindani na sera. Kasi ikiongezeka na bei ikakwama palepale, uliza ni nani anayekula faida.