Bastola ya jamaa yangu na vikorombwezo vyake

Nina jamaa yangu, tulilala chumba kimoja pale Mlimani miaka mitatu. Siku hizi yuko Dallas, Marekani. Ana grinikadi, ana kazi ya usiku, na tangu majuzi ana bastola, Glock 19. Kwa Texas hilo si la kushangaza. Tangu Septemba 2021, mtu wa miaka 21 na kuendelea ambaye sheria haimzuii kumiliki silaha anaibeba bila kuomba kibali.

Kilichonishangaza mimi ni orodha aliyonitumia. Triga mpya, nyepesi. Tochi ya kufunga chini ya mtutu. Kioo chenye nukta nyekundu ya kulengea. Magazini ndefu. Na slaidi ya rangi ya dhahabu, sijui ya nini. Eti, "Mwandishi, wewe si unasomasoma, nishauri nianze na kipi."

Jamani, mimi nijue nini? Bastola nazionea kiunoni mwa askari na mahakamani kwenye meza ya vielelezo. Nilitaka kumtania tu, nimkumbushe wale vijana wetu wa GX 100: rimu zinang'aa, muziki unatikisa vioo, ukiangalia matairi ni vipara. Lakini nikakaa nikasoma, na kadiri nilivyosoma hamu ya utani ikaniisha.

Kwanza hiyo triga. Glock, kwa wasioijua, haina kile kitufe cha pembeni cha kufungia. Usalama wake uko ndani na kwenye triga yenyewe, na unaachia pale kidole kinapovuta triga. Ya kiwandani inahitaji nguvu ya kama kilo 2.5. Zinazouzwa madukani zipo zinazoshusha hadi karibu kilo 1.6, na wauzaji wanasema shabaha inakuwa nzuri zaidi. Kwenye mashindano, mkono ukiwa umetulia, sina ubishi. Lakini jamaa yangu hashindani. Yeye anaiwazia saa nane ya usiku, mtu anagonga mlango, moyo unadunda. Kwa mkono unaotetemeka, ile kilo moja aliyoiondoa ndiyo ilikuwa ikimpa nafasi ya kujirudi.

Msije mkadhani basi nzito ndiyo dawa. Polisi wa New York walipohamia bastola hizi miaka ya 1990 waliogopa risasi za bahati mbaya, wakaweka triga za takriban kilo 5.4. Agosti 24, 2012, nje ya jengo la Empire State, askari wawili walimfyatulia mtu aliyetoka kuua risasi 16. Wapita njia tisa wakajeruhiwa, kwa risasi au vipande vyake, na vyote vilitoka kwa polisi. Wapo waliosema ile triga nzito ilivuruga shabaha, na wapo waliosema ni mazoezi haba. Mimi nadhani wote wana haki kidogo. Ukibadilisha triga umebadilisha kile ambacho kidole kimezoea, na kidole kinahitaji muda mrefu kukizoea kipya.

Lakini kilichoninyima usingizi ni tochi. Kwenye orodha yote, tochi ndiyo niliyoona ina akili. Usiku lazima ujue unayemlenga ni nani, asije akawa ndugu yako anatoka msalani. Sasa sikilizeni. Oktoba 2010, Plano, mji ulio jirani kabisa na huko Dallas anakoishi, askari polisi alikuwa anamkamata mshukiwa wa dawa za kulevya, kijana asiye na silaha. Bastola yake ilikuwa na tochi, na swichi ilikaa chini kidogo ya triga, ya kubonyeza kwa kidole cha kati. Askari alisema alikusudia kuwasha tochi tu. Alichobonyeza ni triga. Kijana alikufa. Mwaka 2014 gazeti la Denver Post likachimba habari hizi na kukuta hilo halikuwa tukio pekee.

Huyo ni polisi, amepita mafunzo, analipwa kwa kazi hiyo. Jamaa yangu alisomea uhasibu.

Basi nikamjibu hivi: mwanangu, anza na mfuko wa kiunoni. Anaucheka kwa sababu hauna mbwembwe, lakini uwe mgumu, ufunike triga yote, usijikunje kitu kikaingia ndani wakati unarudisha bastola. Na akifunga tochi ajue mfuko wa zamani haiingii tena, inabidi anunue mwingine, jambo ambalo muuzaji hatakuambia mpaka umeshalipa. Halafu abadili alama za kulengea, maana zile za kiwandani mara nyingi ni plastiki tupu. Achukue zenye tritiamu zinazong'aa gizani, ila baada ya miaka 12 hivi mwanga unabaki nusu. Pesa inayobaki, na itabaki nyingi akiachana na dhahabu, anunue risasi na kumlipa mwalimu. Tochi baadaye, ya swichi iliyo mbali na triga, na aiwashe mara elfu bastola ikiwa tupu kabla hajaitegemea.

Kimya siku mbili. Nikajua amenuna. Siku ya tatu akatuma picha: mfuko mweusi, mgumu, mbaya wa sura kweli. Chini ameandika, "Haya mzee, nimekusikia."

Nikamuuliza, na ile triga?

Bado iko kwenye kikapu cha duka. Anasema kuna punguzo hadi Ijumaa.