Ufuta Mnadani, Gari Gizani

Katika wilaya ya Kilwa hakuna mkulima wa ufuta asiyejua kwamba mali yake huuzwa mnadani kwa utaratibu wa stakabadhi ghalani, bei za wanunuzi zikasomwa mbele ya kadamnasi ya wanachama, nao wakaridhia au wakakataa. Na yule apitaye vijijini kabla ya msimu akinunua kwa kificho, kwa kipimo chake mwenyewe na bei yake mwenyewe, huitwa mtu wa kangomba, jina ambalo halina heshima. Samaki nao, wakishushwa pwani Somanga, hunadiwa waziwazi, kila mtu akisikia mwenziwe ametaja ngapi. Walakini watu hawahawa, waliojifunza kudai mwangaza katika kuuza, wakishatia fedha ya msimu kibindoni na kusafiri zaidi ya kilomita 200 kwenda Dar es Salaam kutafuta gari lililotumika, huingia katika muamala wenye giza kuliko kangomba yoyote, tena huingia kwa bashasha.

Gari liwavutalo vijana aghalabu ni Toyota Altezza, lile la mbio lililoundwa Japani kuanzia mwaka 1998 hadi 2005, na ambalo kwingineko duniani liliuzwa kwa jina la Lexus IS. Sifa ya kwanza atakayoisikia mnunuzi yadini ni silinda sita, ilhali hakika ya mambo ni kinyume cha majigambo: AS200 yenye silinda sita hutoa nguvu za farasi 160, na RS200 yenye silinda nne, ambayo injini yake Toyota waliiunda kwa msaada wa Yamaha, hufika 210 ikiwa ya gia za mkono. Sifa ya pili ni namba. Ataambiwa gari ni namba D, kana kwamba herufi ile ni cheti cha ujana, ingawa haionyeshi ila zamu ya kusajiliwa nchini, wala haisemi gari liliundwa lini wala lilikimbizwa wapi kabla ya kupandishwa melini. Ya tatu ni ushuru: kwamba gari lililopita miaka 10 likiagizwa leo hutozwa nyongeza ya asilimia 30 kwa ajili ya uchakavu, kwa hiyo bei haiwezi kushuka. Ushuru huo ni kweli, lakini gari lililosimama pale yadini lilikwisha kulipiwa zamani, kwa kiwango cha zamani hizo.

Hayo, hata hivyo, ni madogo. Shina la matata ni kile kiitwacho cha juu. Tuseme mwenye gari amemwambia dalali kwamba akipata shilingi milioni 10 ataridhika. Dalali humtajia dalali wa pili milioni 10 na nusu, wa pili humtajia mnunuzi milioni 12, na kila kinachozidi ile 10 ni mali ya hao waliosimama katikati. Mnunuzi akibishana mchana kutwa hata akapunguziwa laki tano, akatoka kifua mbele kwa ushindi, hajampunguzia mwenye gari hata senti moja. Amewapunguzia watu ambao hakujua kuwa alikuwa akiwalipa. Na mwenye gari, ambaye pengine angekubali milioni 9 na laki 8 kwa fedha taslimu iliyowekwa mezani, hakuulizwa. Ndiyo maana mnunuzi huombwa kwa sauti ya chini asimguse bosi kwa habari za bei, ati ana hasira za haraka, na bosi naye huonywa asitaje bei mbele ya mteja, ati mteja ni mgumu. Watu wawili wenye haki ya kupatana hukaa hatua tatu tu baina yao, wakinyamaziana kwa amri ya mtu wa tatu.

Udalali wenyewe si aibu. Bandari za mwambao, Kilwa ikiwa mojawapo ya zile kongwe, ziliishi karne nyingi kwa biashara ya watu wasiojuana, na mwenye kuwakutanisha alistahili ujira wake. Ila fiqhi ya Kishafii, ambayo ndiyo ya Waislamu walio wengi katika pwani hii, ilikwisha kuweka mipaka: muuzaji akijua aibu ya bidhaa akaificha, mnunuzi ana khiyari ya kuirudisha, na arbuni, ile fedha ya kushikia mali ambayo hupotea mnunuzi akighairi, Mashafii wameikataa, ingawa Mahanbali wameiruhusu. Leo lakini kijana huambiwa aweke laki tano sasa hivi, kwa kuwa kuna mtu mwingine anakuja jioni. Na huyo mtu wa jioni, kwa kadiri nijuavyo mimi, huwa haji.

Basi mnunuzi asianze na bei. Aanze na kadi ya gari, aone kama jina lililomo ni la yule aliyeketi mbele yake, kisha atazame kwa namba ya gari kama lina faini za barabarani zisizolipwa. Aje na fundi wake, asikubali wa kuazimwa palepale. Akikuta injini imekwisha kupashwa moto asubiri ipoe ndipo iwashwe, hata kama ni kwa saa mbili, maana gari bovu huficha mengi likiwa moto. Mtu wa Somanga, aliyeona Mei 2024 jinsi mvua na kimbunga Hidaya vilivyoikata barabara ya Lindi mlangoni pake, hahitaji kufundishwa maji yafanyavyo. Lakini gari lililozama halisemi. Uvutwe mkanda wa kiti mpaka mwisho wake: kile kipande cha ndani kabisa, ambacho hakitoki mara kwa mara, waoshaji hukisahau, na huko ndiko litakapoonekana tope. Kila kasoro fundi aitaje kwa gharama yake, na hapo ndipo mnunuzi atakapotaja bei yake, mara moja, kisha anyamaze.

Najua madalali watajibu kwamba hawana mshahara, kwamba nauli na vocha hutoka mifukoni mwao, na kwamba siku nyingi hulala bila kuuza. Ni kweli, wala sitaki wafe njaa. Anayestahili laki tano na azidai kwa jina lake, kutoka kwa mtu anayejua kwamba anamlipa. Na hati ya mauziano, ambayo wakili hushuhudia, iwe na mistari miwili, mmoja wa alichopokea mwenye gari, mmoja wa alichopokea dalali. Asiyetaka kutia saini mstari wa pili aachwe na gari lake, na mnunuzi avuke barabara aende yadi ya pili.