Namba Tasa na Wajibu wa Kuhakikisha

Mwezi huu twapenda kuzungumza na ndugu zetu, na hasa vijana walioko skuli, juu ya namba moja: 2,147,483,647. Namba hii ni tasa, yaani haigawanyiki sawasawa ila kwa 1 na kwa nafsi yake, kama zilivyo 7 na 13. Hupatikana kwa kuzidisha 2 thelathini na moja zenyewe kwa zenyewe, kisha kutoa 1.

Mwaka 1644 padri mmoja wa Ufaransa, Marin Mersenne, alitoa orodha ya namba za namna hii alizodai kuwa ni tasa. Ndani yake ilikuwamo hii yetu, na nyingine kubwa zaidi, ipatikanayo kwa 2 sitini na saba. Msemaji alikuwa mtu wa elimu mwenye jina. Lakini jina si ushahidi.

Mwaka 1772 Leonhard Euler, bingwa wa hisabu aliyekuwa akikaa Petersburg, naye karibu kuwa kipofu, aliihakikisha ile ya kwanza. Hakujaribu kila namba. Alijua kwamba lau ingekuwa na vigawanyo viwili, kile kidogo kisingezidi 46,340. Tena kigawanyo chake chochote sharti kibakishe 1 kikigawanywa kwa 62. Kwa elimu hiyo kazi ikapungua, akazijaribu zilizosalia, asione hata moja iigawanyayo. Hapo Mersenne alikuwa amesema kweli.

Ama ile ya pili, ilikaa miaka 232 hata Mfaransa Édouard Lucas akathibitisha, mwaka 1876, kwamba si tasa. Na mwaka 1903 Mmarekani Frank Nelson Cole akavidhihirisha vigawanyo vyake: 193,707,721 mara 761,838,257,287. Basi msemaji ni mmoja na orodha ni moja. Neno hili kweli, na lile kosa, na kwa kutazama tu hayapambanuki.

Ndugu zetu, jambo hili latuhusu. Katika Suratul Hujurat Mwenyezi Mungu ametuamrisha kupeleleza habari kabla ya kuifuata. Nasi leo twapokea katika simu maneno anayosingiziwa Mtume (s.a.w.), na hesabu za herufi na aya zinazodaiwa kuwa ni miujiza, tukazipeleka kwa wengine kabla ya kuzihesabu, tukidhani twaitumikia dini. Qur'ani haina haja ya kutetewa kwa hesabu ya uongo. Na kijana atakayeugundua uongo huo huenda akaingiwa na shaka hata katika yaliyo kweli.

Basi, enyi wazazi, mtoto akiuliza, "Mmejuaje?" msimkemee. Mpeni kalamu na karatasi, mhesabu pamoja naye. Na neno lisilohakikishwa liishie mikononi mwenu. Wabillahi tawfiq.