Madai Matano Kuhusu Uvimbe wa Nyoka, na Majibu Yake

Chatu mdogo wa Afrika Magharibi, yule anayejiviringisha akitishwa, husafirishwa kwa wingi kutoka Ghana, Togo na Benin kwenda kufugwa majumbani Marekani na Ulaya. Wafugaji wake hawakosi jibu la haraka kila uvimbe unapochomoza chini ya magamba. Mengi ya majibu hayo yana chembe ya ukweli, na hapo ndipo hatari ilipo: mwenye nyoka akishalipata jina, anaacha kuchunguza. La muhimu kwanza ni kujua uvimbe uko wapi na umekaa kwa muda gani.

“Ni chakula tu, kitashuka.” Huenda. Nyoka aliyemeza panya hufura katikati ya mwili, pande zote mbili kwa usawa, na hunywea ndani ya siku chache iwapo kizimba kina upande wenye joto la nyuzi 31 hadi 33 za Selsiasi. Lakini chakula hakijibanzi kwenye ubavu mmoja, wala hakikai palepale wiki baada ya wiki. Wanaohubiri subira wasisahau kwamba ngojangoja huumiza matumbo. Nyoka akibaki mnene katikati na kutapika siku chache baada ya kila mlo, mshukiwa mmoja ni kimelea kiitwacho *Cryptosporidium serpentis*, ambacho hunenepesha ukuta wa tumbo. Hakina tiba ya kutegemewa, na vijiyai vyake havifi kwa dawa za kawaida za klorini. Mtenge nyoka huyo, mpe koleo na bakuli lake mwenyewe, na umhudumie baada ya wengine wote.

“Ni jipu, likamue.” Hili ndilo dai linaloumiza zaidi. Jipu la nyoka halina usaha wa majimaji. Chembe zake nyeupe za damu hazina kimeng’enya cha kuuyeyusha usaha, hivyo hukauka na kushikana tabaka kwa tabaka, mkavu kama kiini cha yai lililochemshwa, ndani ya kifuko kigumu. Ukikamua, hakitoki kitu. Unapasua tu kifuko na kusambaza maambukizi kwenye nyama. Antibiotiki peke yake nayo haipenyi humo vya kutosha. Daktari wa wanyama hupasua, akatoa uchafu pamoja na kifuko chake, akasafisha kidonda na kupeleka sampuli maabara ili ajue ni dawa gani itafaa. Mara nyingi chanzo ni jeraha la meno ya panya aliyetiwa kizimbani akiwa hai. Lisha panya aliyekwisha kufa.

“Hajawahi kukutana na dume, basi si mayai.” Mwaka 2020, katika bustani ya wanyama ya Saint Louis, Marekani, chatu jike mzee wa aina hiihii alitaga mayai saba ilhali alikuwa hajakaa na dume kwa zaidi ya miaka 15. Kwa hiyo vinundu vilivyopangana sehemu ya nyuma ya jike vinaweza kuwa mayai hata kama anaishi peke yake. Akitaga machache na mengine yakabaki, usiyasukume kwa vidole; yai likipasukia ndani, unaweza kumpoteza.

“Nyoka hapati saratani.” Anapata, hasa akizeeka, na kufugwa vizuri ndiko kunakomfikisha kwenye uzee huo. Uvimbe mgumu unaokua wiki hadi wiki hautambuliwi kwa macho. Unahitaji picha ya eksirei au ya ultrasaundi, na sampuli ya sindano.

“Ni minyoo, mpe dawa.” Nyoka aliyekamatwa porini kweli anaweza kuwa na lava wa tegu chini ya ngozi, wanaoonekana kama vinundu laini. Hao mara nyingi hutolewa kwa kuchana ngozi kidogo, wala si kwa dawa ya kukisia. Dozi ya nyoka hupimwa kwa uzito wake. Na kabla ya yote, inua gamba uangalie: huenda ni kupe aliyejificha.

Sasa chukua futi kamba. Pima nyoka mzima, kisha pima kutoka puani hadi kwenye uvimbe. Kwa chatu wa sentimita 100, alama ya 25 hadi 30 huangukia karibu na moyo. Ya 50 hadi 60 ni tumbo. Kuanzia 75 kuelekea tundu la haja kuna figo, utumbo mpana na, kwa jike, mayai. Andika tarehe ya mlo wa mwisho, ya choo na ya kujivua gamba, piga picha rula ikiwa pembeni, kisha unawe mikono kwa sabuni kwa sababu ya salmonela. Rudia kipimo baada ya siku tatu ikiwa nyoka amekula karibuni na hana dalili nyingine. Ikiwa hakula, au anatapika, au anapumua kinywa wazi, usingoje kipimo cha pili. Mpeleke kwa daktari leo.